Kwa Shirika la Reli: Soga Ilikuwa na Stesheni Kabla ya Treni ya Umeme

Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Reli Tanzania (TRC),
Dar es Salaam.

YAH: KUMBUKUMBU ZA STESHENI KONGWE ZA SOGA, RUVU NA NYINGINE NDOGO ZA RELI YA KATI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kutoka Kwa Mathias, hapa Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro. Sisi wa huku ni watu wa lami. Tumekua tukisikia honi za mabasi ya mikoani, na mgeni akiuliza nyumba ilipo tunamtajia kituo cha daladala: Maili Moja, Picha ya Ndege, Tumbi, Kongowe. Reli haijawahi kuupita mji wetu. Inapita kusini, ikitoka Pugu, ikiambaa na Kisarawe hadi Soga na kisha Ruvu. Tangu enzi za Wajerumani, mtu wa huku akitaka treni sharti aiache barabara kuu aifuate huko iliko.

Ombi langu nalitaja mapema, wasaidizi wako wasije wakalitafuta hadi ukurasa wa mwisho. Naomba Shirika lichukue dhamana ya historia ya stesheni ndogo za reli ya zamani kati ya Pugu na Morogoro, likianza na Soga na Ruvu zilizoko wilayani Kibaha. Majengo yakaguliwe na watu wanaojua majengo ya kale, nyaraka zikusanywe, na wazee waliofanya kazi humo wahojiwe wangali hai. Siombi reli ya zamani irudishiwe enzi yake, wala siombi reli mpya ya kisasa (SGR) ipunguze mwendo.

Na kwa SGR nitoe pongezi zinazostahili. Juni 14, 2024 treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma, watu wa Pwani tulifurahi kama wengine. Kwa nauli ya shilingi 13,000 mtu wa daraja la kawaida anateremka Morogoro wakati mwenzake aliyepanda basi bado anahesabu malori mbele yake. Sisi tunaoishi kando ya barabara hii tunajua maana ya jambo hilo kuliko wanaolisoma gazetini.

Lakini hebu tazama orodha ya vituo. Njia mpya, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, inasimama Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere, basi. Njia ya zamani, ukishatoka Pugu, ilikuwa na Mpiji, Soga, Ruvu, Kwala, Magindu, Msua, Kidugalo, Ngerengere, Mikese na Kingolwira. Msafiri wa daraja la tatu aliyajua majina haya kwa mpangilio, maana treni ilimpa muda wa kutosha kuyasoma, na mara nyingine muda uliozidi. Kwala imepata bahati yake kwa njia nyingine, kwani bandari kavu iliyozinduliwa mwaka 2025 imeifanya ijulikane kwa makontena hadi nchi jirani. Magindu, Msua na Mikese zinapitwa kwa kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo hata kibao hakisomeki.

Soga na Ruvu zimebaki na majina yao kwenye njia mpya, na humo ndimo hatari ilimo. Jengo jipya likichukua jina la zamani, linachukua na umri wake. Muulize mwanafunzi wa Kibaha stesheni ya Soga ilijengwa lini, atakutajia mwaka 2017, jiwe la msingi la SGR lilipowekwa kule Pugu, au atataja Waturuki waliopiga kambi Soga wakati wa ujenzi. Jibu lake litakuwa limepungua kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1904 ilianzishwa kampuni ya reli ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, yenye mtaji wa marki milioni 21. Serikali ya Ujerumani iliwahakikishia wenye hisa faida ya asilimia 3, reli ilete faida au isilete. Februari 1905 Mwanamfalme Adalbert, mtoto wa Kaisari Wilhelm wa Pili, alizindua kazi Dar es Salaam. Mkandarasi alikuwa Philipp Holzmann wa Frankfurt. Upana wa njia ulikuwa mita moja, na Desemba 1907 treni ilifika Morogoro, kilomita zipatazo 200 kutoka baharini. Tabora ilifikiwa mwaka 1912, Kigoma mwanzoni mwa 1914. Maana yake ni kwamba Pugu, Soga na Ruvu ni za kipande cha kwanza kabisa. Wakati Tabora bado inategemea wapagazi, kila mmoja na mzigo wake wa kilo 30 hivi kichwani, huku Uzaramo watu walishazoea kusikia injini ikihema kupanda vilima vya Pugu.

Sasa weka tarehe nyingine pembeni. Julai 1905, miezi mitano tu baada ya mwanamfalme kufanya sherehe yake, Vita vya Maji Maji viliwaka Umatumbi, na muda si mrefu moto ukafika Uzaramo. Vita vile na kipande hiki cha reli vilikwenda sambamba: vyote vilianza 1905, na 1907 vyote vilikuwa vimekwisha. Katika vitabu vya shule mambo haya mawili hukaa katika sura mbili tofauti, moja ikiitwa upinzani na nyingine miundombinu, kana kwamba yalitokea katika nchi mbili. Kumbe tuta la reli lilikuwa linainuliwa katika ardhi ya Wazaramo wakati huohuo watu wa ardhi hiyo wanakatazwa kukataa pamba ya kulazimishwa. Mahali pazuri pa kumfundishia mtoto jambo hili ni pale penyewe, Soga, reli ikiwa mbele ya macho yake.

Nani walilichimba tuta? Wasimamizi wanajulikana. Walikuwa Wajerumani, na chini yao Wagiriki na Waitaliano, baadhi yao wakiwa wamekwisha kupata uzoefu wa reli za Uturuki. Wagiriki kadhaa walibaki nchini wakawa wenye mashamba ya mkonge. Waliobeba udongo ni Waafrika, kwa maelfu. Wengine walifuata ujira, wengine walifuata kodi iliyowafuata wao, na wengine walisukumwa na majumbe. Waliokufa kwa malaria, kuhara na ajali hawana jiwe hata moja lenye majina yao kati ya Pugu na Ruvu.

Nalinganisha na jirani. Wilaya ya Kisarawe inapitiwa pia na TAZARA, na stesheni yake ya Mzenga imo wilayani humo. Reli ile ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi 1976, na wataalamu wa Kichina waliofariki kwa ajili yake wana makaburi yao kule Gongo la Mboto, safi, yenye majina. Mwaka 2013 Rais Xi Jinping alipokuja nchini alikwenda kuweka shada pale. Sina kinyongo na makaburi yale; waliolala pale wanastahili. Nauliza tu kwa nini Reli ya Kati, iliyoitangulia TAZARA kwa zaidi ya miaka sitini, haina hata mnara mdogo kwa vibarua wake.

Niruhusu nichepuke kidogo, maana kuna jambo linalonichekesha kila nikilifikiria. Kampuni ile ya Holzmann, katika miaka ileile iliyokuwa inatandika mataruma ya chuma Soga, ilikuwa na kazi nyingine kubwa katika dola ya Uturuki. Ndiyo iliyojenga stesheni ya Haydarpaşa ukingoni mwa Istanbul, iliyokamilika mwaka 1908. Zamu ikageuka. Mwaka 2017 akaja Soga mkandarasi kutoka Uturuki, Yapı Merkezi, kujenga reli ya kisasa kando ya ile ya Holzmann. Holzmann yenyewe ilifilisika mwaka 2002. Kampuni imekufa, mataifa yaliyoituma yamebadilika, na kazi yake ipo hapa nyikani kwetu. Na Haydarpaşa? Paa lake liliungua 2010, treni zake za mwisho zikaondolewa 2013, ukaja mpango wa kulifanya eneo lile la kibiashara, na watu wa Istanbul wakakataa. Walikwenda kukaa mbele ya stesheni wiki baada ya wiki, wakisema jengo lile ni lao. Sisi wa Pwani hatuna utamaduni wa kukaa mbele ya stesheni kudai jengo, ila barua tunaweza kuandika.

Wapo watakaosema Soga si Haydarpaşa. Kweli kabisa. Soga haikuwa na kuba wala vioo vya rangi. Stesheni ya namna ile ilikuwa kijengo, jukwaa fupi, tangi la maji, nyumba za wafanyakazi na njia ya pili ya kupishania. Hiyo njia ya pili ndiyo iliyoizaa stesheni. Reli ya zamani ni njia moja. Treni inayokwenda bara na inayokuja pwani haziwezi kupita pamoja, kwa hiyo kila baada ya kilomita kadhaa lazima pawe na mahali pa mmoja kumsubiri mwenzake. Tena injini za mvuke zilikuwa na kiu na njaa: zilihitaji maji, na miaka ya mwanzo zilikula kuni. Abiria alikuja baadaye. Watu wengi wanadhani stesheni iliwekwa mahali fulani kwa sababu palikuwa na kijiji. Aghalabu ni kinyume chake. Treni ilisimama kunywa maji na kupisha nyingine, watu wakaja kuiuzia, wakajenga, pakawa kijiji.

Na kazi iliyofanyika ndani ya kijengo kile si ndogo. Dereva hakuruhusiwa kuingia kipande cha mbele mpaka stesheni masta wa hapa awasiliane na wa pale, wakubaliane kwamba njia iko wazi, na yeye apewe ruhusa mkononi. Kila mawasiliano yaliandikwa kwenye daftari: treni namba fulani imetoka saa fulani, imefika saa fulani. Maisha ya mamia ya watu yalikaa juu ya mwandiko wa mtu mmoja aliyekaa peke yake usiku na taa. Pembeni yake alikuwapo wa kugeuza njia, na nje, mvua na jua, watu wa gengi la njia na nyapara wao wakipita na kiberenge kukaza boliti na kusawazisha kokoto. Madaftari yale, Ndugu Mkurugenzi, ndiyo kumbukumbu ya kila siku ya nchi hii ambayo hakuna mwanahistoria aliyeifungua.

Stesheni ilikuwa pia ofisi ya kwanza ya serikali kwa watu wengi wa vijijini ambao hawakuwahi kwenda bomani. Hapo ndipo palipopita simu ya maandishi, kifurushi na barua. Saa ya ukutani ilikuja na reli. Kijiji kilichozoea kuhesabu saa ya kwanza tangu jua kuchomoza kikajikuta na ratiba inayoandika 14:00, na mtu aliyekosea kubadili moja kwenda nyingine alilala jukwaani na mzigo wake hadi kesho. Biashara nayo ilijipanga kwa saa hiyo. Dirisha la behewa lilikuwa genge: mihogo, maembe, korosho, kambale wa Mto Ruvu waliokaushwa, vyote vinauzwa kwa kasi kabla filimbi haijalia, na chenji mara nyingine ikibaki chini na treni ikiondoka.

Fikiria pia vilivyopita. Kati ya mwaka 1913 na 1914 meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye maelfu ya makasha, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa treni hadi Kigoma. Iliunganishwa huko na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Ndiyo Liemba tunayoijua leo. Njia ya kwenda Kigoma ilikuwa moja tu. Kwa hiyo meli ile ilipita Soga na Ruvu kabla haijagusa maji ya ziwa, na jambo hili pekee lingetosha kumfanya mtoto wa darasa la tano asimame mbele ya ubao wa maelezo bila kulazimishwa na mwalimu. Mwaka uliofuata, Agosti na Septemba 1916, Waingereza waliingia Morogoro na Dar es Salaam, na Wajerumani wakirudi nyuma walivunja madaraja mengi ya reli yao wenyewe.

Ruvu inastahili aya zake. Hadi miaka ya sitini mwanzoni, Reli ya Kati na ile ya Tanga zilikuwa kama ndugu wasiozungumza. Mtu wa Dar es Salaam hakuweza kufika Moshi kwa treni bila kuvuka bahari au kupanda gari. Mwaka 1963, nchi ikiwa huru, ilifunguliwa njia ya kilomita 188 kutoka Ruvu kwenda kuungana na reli ya Tanga karibu na Mnyusi. Kwa kipande hicho, Ruvu ikawa njia panda ya taifa: kushoto Kigoma na Mwanza, kulia Tanga, Moshi na Arusha, na kwa Moshi hata Kenya. Wajerumani walikuwa na reli mbili katika koloni moja na hawakuziunganisha. Waingereza walikaa miaka arobaini na ushee, nao hawakuziunganisha. Uunganishaji ule ni kazi ya mwanzoni kabisa mwa uhuru wetu. Kama pana stesheni moja ya kuwekewa jiwe lenye mwaka 1963, ni Ruvu. Abiria wa Moshi walipokosa treni kwa miaka mingi, na kisha Desemba 2019 Shirika lako likairudisha, treni ile ilikata kulia palepale Ruvu. Sifa hiyo ni yenu, nami siwapunguzii.

Mwaka huohuo wa 1963 ndipo huku Kibaha ulipoanza mradi wa nchi za Nordiki uliozaa shule, hospitali na kituo cha wakulima, ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Mradi huo ndio ulioukuza mji wetu, na uliukuzia barabarani. Nawaza mara nyingine mji huu ungekuwaje kama ungekulia Ruvu. Basi ndivyo ilivyokuwa: Kibaha ikafuata lami, Ruvu ikabaki na reli.

Jambo jingine la watu wa stesheni ambalo halitajwi ni siasa yao. Chama cha wafanyakazi wa reli, chini ya Kasanga Tumbo, kiliendesha mgomo mwaka 1960 uliodumu zaidi ya miezi miwili, mmoja wa migomo mirefu zaidi ambayo Tanganyika iliwahi kuona. Mgomo wa reli haukuwa jambo la Dar es Salaam peke yake. Reli ni kazi ya mnyororo. Stesheni ndogo ikifunga, kubwa haina treni ya kupokea. Mzee aliyekuwa kijana wa kugeuza njia wakati ule anajua kilichosemwa usiku katika nyumba za wafanyakazi, nani alirudi kazini mapema na nani hakumsamehe. Hayo hayamo katika taarifa yoyote ya serikali.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, tukapata TRC ya kwanza. 2007 ikaja kampuni ya reli ya TRL na mbia kutoka India, ndoa ambayo haikufika mbali. 2017 sheria mpya ikarudisha jina la TRC na kuunganisha njia na treni chini ya mwajiri mmoja. Kila mara mwenye mali anapobadilika, yanafanyika makabidhiano ya vichwa, mabehewa na madeni. Madaftari ya zamani huwa hayamo kwenye orodha, kwa hiyo hayana wa kuulizwa.

Sasa nije kwenye sheria, maana nikiwasihi kwa hisia tu mtaniambia niandikie shairi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Reli ya kwanza katika nchi hii ilianzwa Tanga mwaka 1893. Kwa hesabu hiyo hakuna stesheni, daraja wala tangi la maji la reli Tanzania nzima lenye umri wa kulindwa bila mtu kuomba. Stesheni ya mwaka 1907 imechelewa kwa miaka 44. Mlango uliopo ni Waziri mwenye dhamana kulitangaza jengo kuwa kumbukumbu, na Waziri hutangaza anapopelekewa maombi yenye vielelezo. Mwenye jengo akiwa ndiye mwombaji, safari inakuwa fupi. Mwenye jengo ni wewe.

Kabla ya maombi, naomba mtaalamu wa Mambo ya Kale atembee njia ile kutoka Pugu hadi Morogoro pamoja na mhandisi wenu mmoja mwenye umri mkubwa. Wakague kila kijengo, watenganishe kilichojengwa na Wajerumani, kilichoongezwa na Waingereza na kilichowekwa na Reli za Afrika Mashariki. Waangalie na vitu ambavyo si majengo: mataruma ya chuma yenye chapa, msingi wa tangi la maji, nguzo za ishara, vibao vya majina. Sisemi kila tofali libaki. Vingine vitakuwa vimechoka na vingine vina kazi. Njia ya zamani bado ni mali ya uzalishaji. Lakini sisi wa Barabara ya Morogoro tunaifahamu alama nyekundu ya X ya bomoabomoa inavyofanya kazi. Ikishapigwa ukutani, mjadala umefungwa. Ukaguzi uje kabla ya rangi.

Najua pingamizi la haki litakalotoka ofisini kwako: Shirika lina mkopo wa kulipa na mzigo wa kusafirisha, makumbusho ni kazi ya wengine. Nitajibu kwa mfano wa nyumbani. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971, na aliyeyafungua si wizara ya utamaduni. Ni Shirika la Reli za Afrika Mashariki, ambalo Tanzania ilikuwa mbia wake, wafanyakazi wa Soga na Ruvu wakiwa watumishi wake kama wale wa Nakuru. Jumuiya ilipovunjika, makumbusho yakabaki Nairobi. Kwa hiyo wazo la shirika la reli kutunza historia yake si geni kwetu. Tulilichangia, tukagawana mali, fungu hilo likabaki upande mmoja.

Wala siombi makumbusho ya Nairobi. Ukumbi wa abiria wa stesheni mpya ya Soga una kuta, na abiria anayesubiri ana macho na dakika za kupoteza. Picha za zamani zipo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt inahifadhi maelfu ya picha za chama cha kikoloni cha Wajerumani, zikiwamo za Reli ya Kati, na zinaonekana kwa intaneti. Nyaraka za Kijerumani zilizobaki Dar es Salaam zimo katika Kumbukumbu za Taifa, na tangu mwaka 1997 UNESCO imeziweka katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Yote mawili yanahitaji barua ya Shirika na mtu mmoja anayesoma Kijerumani. Ubao mmoja Soga, mwingine Ruvu, kwa Kiswahili kinachosomeka, zenye majina ya stesheni zote kumi za zamani, hata zile ambazo treni mpya haisimami. Kwa Magindu na Mikese huo ungekuwa uungwana.

La wazee ndilo nisingependa lisubiri bajeti. Aliyeingia kazini Ruvu mwaka 1963 akiwa na miaka 20 sasa amepita 80. Wastaafu wa reli wanalipwa pensheni, kwa hiyo wako kwenye orodha za mahali fulani na wana anwani. Kuna vyuo vikuu vinavyofundisha historia umbali wa nauli ya daladala kutoka hapa, na wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Simu za mkononi zinarekodi sauti. Kinachokosekana ni barua ya utambulisho yenye nembo ya TRC, ili mzee asidhani kijana aliyemjia na maswali ni tapeli wa mafao. Hilo halihitaji zabuni.

Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha nayo isijifiche nyuma ya mgongo wako. Ofisi ya elimu ina shule za msingi ambazo zinasikia honi ya treni darasani. Somo la historia la mkoa linaweza kufundishwa kwa safari ya nusu siku, walimu wakipewa kijitabu cha kurasa chache kilichotokana na kazi hiyo ya wazee. Wenzetu wa Kisarawe wanaweza kuongeza Mzenga na reli ya pili, ikawa wilaya mbili, reli tatu ukihesabu na ya umeme. Mikoa mingi ingetamani mtaji huo.

Niko tayari, pamoja na walimu wenzangu wa historia hapa Kibaha, kusaidia kuandika maswali ya kuwahoji wastaafu na kuyasahihisha maandishi ya sauti zitakazorekodiwa, bila malipo ila nauli ya kufika Soga. Tunaomba tupangiwe afisa mmoja wa Shirika wa kuwasiliana naye, na tupewe ruhusa ya kuyaona madaftari ya stesheni yaliyosalia, popote yalipohifadhiwa, kabla ya usafi wa ghala unaofuata.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa historia,
Kwa Mathias, Kibaha.

Nakala:
Mkurugenzi, Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii.
Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha.
Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Kisarawe.
Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.